Upande wa Pili wa Shuka

Nilikuwa msichana mdogo, Uhuru ukiwa bado mbichi, gari la sinema la serikali lilipoingia kijijini kwetu Lulindi. Shuka jeupe lilifungwa kati ya mikorosho miwili, mashine ikaanza kunguruma, na kijiji kizima kikakaa chini mbele ya lile shuka: watoto mbele, akina mama katikati, wanaume wamesimama nyuma huku wamekunja mikono kana kwamba walikuwa wanapita tu. Waliochelewa walikosa pa kukaa. Mmoja wao alikuwa mjomba wangu, aliyetoka kulinda nguruwe shambani. Yeye na wenzake wakazunguka nyuma ya shuka, na huko wakakuta picha inapenya kitambaa na kuonekana vizuri tu, tena bila kichwa cha mtu kumziba mtu. Wakaona wameokota embe dodo chini ya mnazi.

Baada ya picha za kuchimba vyoo na za kupanda kwa mistari, tukaonyeshwa Charlie Chaplin, yule bwana mfupi wa kijisharubu na viatu vikubwa, akipiga fidla. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Asubuhi yake, kwenye foleni ya maji, mjomba akawa anamwigiza: fidla bega la kushoto, upinde mkono wa kulia. Jirani yetu, wakati ule kijana wa miaka ishirini hivi, akamkatiza. Yule bwana ni mashoto, akasema. Mjomba akasema si mashoto. Jirani akasema nimemwona kwa macho yangu. Mjomba akajibu kwamba na yeye ana macho mawili, wala hakuyaazima.

Ugomvi ule ulidumu miaka arobaini na kitu. Nimeusikia kwenye kilabu cha uraka, nimeusikia matangani, nimeusikia siku watoto wao walipotoka jandoni na watu walitakiwa kuwa wanakula pilau. Mimi nilijua mjomba alikaa wapi. Lakini mtoto wa kike wa miaka tisa hasahihishi wakubwa, na nilipokua mkubwa nilidhani wameshasahau. Hawakusahau.

Wanangu, nimewafundisha wengi wenu kusoma na kuandika, na tangu nistaafu nauza chai na maandazi hatua chache kutoka kibanda cha video. Sikusomea sinema. Natazama ninachokipata, kinachonigusa nakikumbuka, kisichonigusa nakiacha. Lakini kwa kukaa pale karibu na jiko nimesikia maoni ya watu kuhusu filamu kwa miaka mingi sana, na kila nikiyasikia namwona mjomba wangu nyuma ya shuka na jirani yetu mbele yake. Kila mmoja ameona kweli. Kila mmoja yuko tayari kuapa. Hakuna anayeinuka kuzunguka.

Nianze na sisi wazee, maana mkubwa hunawa kwanza.

Wazee wenzangu mna neno moja mnalolipika kila siku kama uji: filamu zilikuwa zamani, siku hizi hakuna kitu. Nawasikiliza, nawamiminia chai, nanyamaza. Ila nakumbuka. Nilipokuwa chuo cha ualimu, miaka ya sabini, wakubwa wetu walisema filamu za Kihindi zinatuharibu, vijana wanachana nywele kama Raj Kapoor na wasichana wanalilia watu ambao hawapo. Halafu akaja Bruce Lee. Enter the Dragon ilitoka mwaka 1973, mwaka uleule alioaga dunia, na kila kijiji kikapata vijana waliovunjana meno kwa mateke. Ndipo wale wakubwa wakaanza kuzisifu za Kihindi: zilikuwa na heshima, zilikuwa na mafunzo. Akaja Rambo na mabomu yake, na waliokuwa wakirushiana mateke wakasema ngumi za mikono mitupu ndizo zilikuwa sanaa. Zikaja za Nigeria na wachawi wake, zikaja zetu za Bongo, ikaja Jumong ya Wakorea na vipande vyake 81, na kila mgeni alipobisha hodi, yule aliyekuwa akitukanwa jana akavutiwa kiti na kuitwa mzee wa heshima.

Ni kama kiporo. Usiku wali ulilalamikiwa, hauna chumvi, umeshika chini. Asubuhi watoto wanaugombania kwenye chai.

Siwalaumu. Mtu anapoikumbuka filamu ya ujana wake anakumbuka na aliyekaa naye, na shati alilovaa, na magoti ambayo yalikuwa hayajaanza kuuma. Vyote hivyo vimelowea kwenye filamu kama nazi kwenye mbaazi, huwezi kuvichuja. Lakini mjukuu wako hakuwa na wewe usiku ule. Ukimwambia ya kwako ndiyo bora na ya kwake ni takataka, unamwomba ashibe chakula ulichokula wewe. Nawe ya kwake hukuitazama. Uliipita tu ukielekea msikitini au kanisani, ukaona mtu anapiga kelele kwenye kioo, ukakata shauri.

Na ugonjwa huu ni wa zamani kuliko sisi. Mwaka 1935 Waingereza walianzisha mradi wa filamu kule Vugiri, milimani juu ya Korogwe, wakatengeneza filamu zipatazo 35 hadi 1937, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na mpaka Nyasaland, maelezo yake yakiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha za wenyeji. Wapo katika wakubwa wa sinema wa zama zile za ukoloni waliokuwa wameshakata hukumu kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda haraka, kwamba apewe kitu polepole, kimojakimoja, kama mtoto anayelishwa uji. Hukumu ilitangulia, watazamaji wakafuata. Nikifikiri kwamba mjomba wangu, mtu ambaye hakumaliza hata darasa la nne, aliutazama mchezo mzima wa Chaplin kinyumenyume na akaelewa kila kichekesho, naona wale wakubwa nao walikuwa upande wao wa shuka, na wao shuka lao lilikuwa zito zaidi.

Sasa ninyi vijana. Msifikiri nimewasahau.

Mjukuu wangu mmoja, mtoto mwelevu, aliniambia filamu za zamani za Kihindi ni kulia na kuimba, basi. Nikamwuliza ametazama ngapi. Akasema ameziona vipande. Nikamwambia kaa hapa, leo hakuna kwenda popote, nikamwekea Mother India ya mwaka 1957. Dakika za mwanzo akahema, akashika simu, akaiweka, akaishika tena. Halafu ikafika pale yule mama mkwe amekopa fedha za harusi kwa tajiri wa kijiji, na karatasi imeandikwa kwa namna ambayo robo tatu ya mavuno yatakwenda kwa tajiri kila mwaka kama riba, na deni lenyewe liko palepale. Mjukuu wangu akakaa sawa. Akaniambia, "Bibi, huyu si anafanya kangomba?"

Sikumjibu, nilikuwa na donge kooni. Mnaoishi mbali na korosho pengine hamlijui neno hili. Kangomba ni ule ununuzi wa mlango wa nyuma, mtu anakuja wakati nyumbani hakuna unga na mtoto anadaiwa ada, anakupimia korosho kwa bakuli lake na kwa bei yake, nyingine zikiwa bado hazijaanguka mtini, halafu msimu ukifika yeye ndiye anayezipeleka mnadani. Kwetu Masasi, Newala na Tandahimba hakuna nyumba isiyojua habari hiyo. Na hapo alikuwa mtoto wa 2000 na kitu, amekaa Lulindi, anamtambua mlanguzi wake mwenyewe katika filamu ya India yenye umri wa kumzidi mama yake. Ilipofika pale mama anamfyatulia risasi mwanawe mwenyewe, chumba kizima kilikuwa kimya, na ile simu ilikuwa chini ya mkeka.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaambia watu: mnazipimia filamu kangomba. Zikiwa bado mtini, mmeshatoa bei.

Na anayepima mapema hupunjwa mwenyewe. Chukueni Sholay, ya mwaka 1975. Ni ndefu, inapita saa tatu, nami nilipoitazama mara ya kwanza Dar es Salaam, enzi za kumbi kama Avalon, Empire na Odeon, watu waliinuka kabla haijaisha ili wawahi basi. Katika ile filamu kuna marafiki wawili, wezi wenye mioyo mizuri, na kila wakishindwa kuamua jambo mmoja anarusha sarafu juu. Jambo linaamuliwa kwa sarafu, na tena, na tena, mpaka siku ya mapambano, nayo sarafu inaamua nani abaki na nani aende kuleta msaada. Aliyebaki anakufa. Ndipo rafiki yake anaiokota sarafu, anaigeuza, na kukuta ina sura moja pande zote mbili. Marehemu alikuwa akichagua mwenyewe muda wote. Aliyeinuka kuwahi basi alirudi nyumbani na filamu ya bahati nasibu. Aliyebaki alirudi na filamu ya mtu aliyeutoa uhai wake kwa makusudi, kimyakimya, kwa ajili ya rafiki. Ukumbi mmoja, tiketi moja.

Mwisho wa filamu, kwetu sisi, ulikuwa na adui mwingine: petroli. Miaka ya tisini, kabla waya za umeme hazijatufikia, kibanda cha video kilikuwa kibanda umiza kwelikweli, magogo mawili ya kukalia, kuta za nyasi, deki moja ya kanda na jenereta lililokuwa na kiu kuliko walevi. Siku moja walikuwa wanatazama Terminator 2, ile ya mwaka 1991, ya Arnold Schwarzenegger akiwa mashine inayomlinda mtoto na mama yake. Ikafika patamu. Jenereta likakohoa, likazima. Mwenye kibanda aliona watu wataanza kudai fedha zao, akasimama gizani akawasimulia mwisho: yule wa chuma aliwashinda maadui, akamwoa yule mama, wakahamia shamba, wakazaa. Watu wakapiga makofi, wakaenda kulala.

Kwa miaka sita au saba huo ndio ulikuwa mwisho wa Terminator hapa kwetu. Kuna kijana alirudi kutoka Mtwara akasema sivyo, yule wa chuma aliomba ateremshwe kwenye chuma kilichoyeyuka ili asije akaleta madhara, na mtoto akalia. Walimwita mwongo. Nusura wampige. Nilimpa chai nikamwambia akae, na nilikuwa na huruma na pande zote, maana mwisho wa mwenye kibanda ulikuwa mwisho mzuri, nao watu walikuwa wameshaupenda. Lakini ule wa kweli ulikuwa mkubwa zaidi, na walikaribia kumvunja mtu mbavu ili wasiupokee.

Wakati uleule kulikuwa na watafsiri wa kanda. Lufufu wa Dar es Salaam ndiye aliyevuma, sauti yake ikiwa juu ya sauti za wazungu na Wachina, akieleza, akiongeza, akimkaripia mhusika mbele ya kila mtu. Mimi naipenda kazi ile mpaka leo. Mama asiyejua Kiingereza alipata kukaa na mwanawe msomi wakacheka pamoja, na hilo si jambo dogo. Ila ukishazoea sauti ya mtafsiri, filamu isiyo na mtafsiri unaiona bubu. Nimewasikia vijana wakisema filamu fulani "haijatafsiriwa, haina maana". Maana ipo. Imekaa kwenye uso wa mwigizaji, inasubiri mtu anyamaze.

Niseme na juu ya zetu wenyewe, hapo ndipo moyo unaponiuma.

Tanzania haikuanza kutengeneza filamu jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na Muhogo Mchungu, na aliyeicheza ni Rashidi Kawawa, mtoto wa Songea, mtu wa kusini mwenzetu, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Serikali ikaanzisha Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968. Ikaja Fimbo ya Mnyonge kuhubiri Ujamaa, ikaja Arusi ya Mariamu mwaka 1985 juu ya tiba ya asili, ikaja Maangamizi mwaka 2001. Ulizeni darasani ni mtoto gani ameona hata moja. Ulizeni walimu. Mimi mwenyewe sijaona zote, na ningependa kuziona kabla sijafa.

Halafu ikaja Bongo Movie, na hiyo mnaijua. Girlfriend ya mwaka 2003 na wanamuziki wake, kisha akina Kanumba, Ray, JB, na King Majuto wa Tanga ambaye angekuchekesha hata akisoma orodha ya wadaiwa. Kwa miaka michache kila nyumba yenye deki ilikuwa na kanda au sidii yenye sura za watu wanaoongea lugha yetu. Na sisi tulifanya nini? Tulikaa kwenye chai yangu tukasema wanaiga Wanigeria. Majina ya Kiingereza, maneno ya Kiswahili. Sauti inakwaruza. Hadithi imekatwa vipande viwili ili tununue mara mbili. Yote yalikuwa kweli, nami niliyasema pia. Lakini msichana anayejifunza kusonga, ugali wake wa kwanza una madonge. Unaula. Unamwambia taratibu, moto ulikuwa mkali mno, maji yalikuwa kidogo. Hakuna mama anayemwaga sufuria uani na kwenda kununua ugali kwa jirani kila siku ya maisha yake.

Sisi tulimwaga. Akapita kijana na kapu la sidii za filamu ishirini kwa moja, za wizi, kwa bei ya maandazi machache, tukanunua, tukasema haki ya nani, wasanii wana fedha, hawatafilisika kwa sahani yangu moja. Wote tulisema sahani yangu moja. Kanumba alipofariki, tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, hapa kwetu wanawake walilia kama wamefiwa na ndugu, na nusu ya waliolia walikuwa na filamu zake kwenye ishirini kwa moja. Walilia kweli, machozi ya kweli. Sikumwona mnafiki hata mmoja pale. Binadamu ndivyo alivyo, mkono unachukua na jicho linalia, na havijuani.

Mwaka 2017 wasanii waliandamana Kariakoo wakilalamikia filamu za nje zinazouzwa rahisi mitaani. Watu waliwacheka, wakasema watengeneze filamu nzuri kwanza. Nzuri kwa fedha ipi? Korosho usipoipulizia salfa, ugonjwa wa ubwiriunga unaimaliza, mwaka unaofuata huna cha kupulizia kabisa, na mwaka wa tatu jirani anakuambia shamba lako halijawahi kuzaa. Waliobaki katika kazi ile wengi wamehamia kwenye tamthilia za televisheni, maana huko kuna anayelipa. Na jioni hapa kwetu, king'amuzi kikiwashwa, mjukuu wangu wa kike anawajua wake na masuria wote wa Sultani Suleiman wa Istanbul, wa ile tamthilia ya Waturuki, nani kamtilia nani sumu. Nimetazama naye, na ni tamu, Kiswahili chake kimetiwa vizuri. Mwaka 2011 tulikuwa na Doudou, mke wa Kichina na mama wakwe zake, ikawa hivyohivyo, watu walijibu salamu macho yakiwa kwenye kioo. Ya jirani ni halali kuonja. Kinachonitia wasiwasi ni mtoto kufikiri kwamba maisha ya kuonyeshwa ni ya Istanbul tu, na kwamba mama yake anayeteremka bonde kuchimba mizizi ya ming'oko hana hadithi.

Juzi, yaani miaka michache tu iliyopita, akatokea mwongozaji Amil Shivji na filamu yake, Vuta N'kuvute. Ni ya mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi, imeanzia kuonyeshwa Toronto, na ndiyo filamu ya pili nchi yetu kuipeleka kugombea Oscar, baada ya Maangamizi, zaidi ya miaka ishirini katikati. Nilipoitaja pale kwenye chai, vijana wakasema imepooza, haina ngumi. Nikauliza mmeitazama? Mmoja akasema ameona dakika mbili kwenye simu. Mzee mmoja naye akasema hakuna haja, filamu nzuri ziliisha na Sholay. Kijana na mzee, hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote, hata mpira, wakakubaliana juu ya filamu ambayo hakuna kati yao aliyeiona.

Mimi niliitazama na mama anayeniuzia mkaa. Ni Unguja ya miaka ya hamsini, taarabu, vichochoro, Mwingereza bado yupo, na binti mdogo, Yasmin, ameozwa mzee asiyemtaka, anakimbia, anakutana na Denge anayepigania uhuru. Inakwenda taratibu, ni kweli. Kamera inakaa juu ya uso wa binti na haina haraka. Mwenzangu wa mkaa hakusema neno mpaka mwisho. Ilipoisha hakuinuka. Halafu akaanza kunisimulia ndoa yake ya kwanza, jambo ambalo katika miaka kumi na tano ya kununua mkaa kwake sikuwahi kulisikia, tukaongea mpaka majogoo. Nawaambia vijana: ngumi zilikuwepo. Zilikuwa ndani.

Basi nawaomba machache, na sitarajii mtanitii yote, maana hata mimi sikuwatii walionitangulia. Mtu akikwambia filamu fulani ni mbovu, usimwulize kwa nini. Mwulize aliitazama mpaka wapi. Mzee, chagua moja ya mjukuu wako, ukae naye bila kuguna. Kijana, chagua moja ya babu yako, na simu uiweke chini ya mkeka kama yule wangu. Ya Mtanzania ukiweza kuilipia, ilipie, hata kama ina madonge. Na kama huna fedha mwezi huu, najua mnada haujafika, basi angalau usiitukane kabla hujaionja. Mkishindwa, njooni mnywe chai. Mtajaribu tena.

Msimu uliopita, malipo ya korosho yalipotoka, kijana wa hapa alinunua projekta ndogo, ya kubeba mkononi. Nikamwomba anisaidie jambo. Tulifunga shuka langu jeupe uani, kati ya mikorosho, akatafuta kwenye simu mpaka akampata Chaplin, filamu ya mwaka 1916, ile anayopiga fidla. Sikumwambia mtu kwa nini. Watoto walijaa, mama wa mkaa akaja, na jirani yetu akaja na fimbo yake, sasa amepita miaka themanini, nikamwekea kigoda mbele kabisa. Mjomba wangu tulishamzika zamani.

Chaplin akaiweka fidla bega la kulia, upinde mkono wa kushoto. Ni kweli, bwana yule alikuwa akipiga kwa kushoto, hata nyuzi alizipanga kinyume. Jirani akapiga goti lake kofi. "Mashoto!" akasema. "Si niliwaambia?" Akatazama huku na huku, akimtafuta mtu wa kumwonyesha.

Hapo nikainama nikamwambia sikioni usiku ule wa zamani mjomba alikuwa amekaa wapi.

Alikaa kimya muda mrefu, picha zikimulika usoni mwake. Watoto walikuwa wanacheka. Halafu akashika fimbo, akainuka polepole, akakiokota kigoda chake mwenyewe, akakataa kusaidiwa, na akaanza kuzunguka kwenda nyuma ya shuka.